Jasho Lisiloonekana

Wiki moja kabla ya safari yangu ya Durban, mwalimu mwenzangu, mtu wa Limuru, aliniuliza pale chumba cha walimu kama nimejiandaa kwa joto la huko. Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia. Mimi mzawa wa Kibokoni, Mombasa, kuulizwa habari ya joto na mtu ambaye kila Februari hufundisha akiwa na kitambaa cha maji shingoni! Nikamweleza kwamba Juni huko kusini ni majira ya baridi, kwamba mchana hewa hufika nyuzi 23 hivi na bahari 21 au 22. "Mimi naiogopa baridi, mwalimu," nikamwambia. "Joto niachie."

Siku kumi baadaye maneno hayo yalinirudia nikiwa nimekaa chini, ukingoni mwa njia ya ufukweni, kilomita ya 12 ya mbio, miguu yote miwili imekaza kama kamba za tanga, na msichana wa rika la wanafunzi wangu akinimwagia maji kisogoni.

Mchezo wenyewe unaitwa triathloni, na hii ni ile ya masafa ya kati: unaogelea baharini kilomita 1.9, unapanda baiskeli kilomita 90, kisha unakimbia kilomita 21.1, na saa haisimami hata unapofunga kamba za viatu. Jumla ni kilomita 113, ambazo kwa maili ni 70.3, ndiyo maana mashindano ya Ironman ya masafa haya huitwa kwa nambari hiyo. Ni nusu ya ile kubwa iliyoanza Hawaii mwaka 1978, watu 15 walipoingia majini na 12 wakafika mwisho. Mabingwa humaliza yetu kwa chini ya saa nne. Sisi wengine tunakimbizana na saa nane na nusu. Zikikupita, unakuta watu wanakunja uzio.

Nilikuwa na miaka 41, mwalimu wa hesabu, mwenye kitambi cha wastani na daftari la kurasa 96. Katika daftari hilo niliandika kila kitu: dakika ngapi majini, kasi gani mlimani, tende ngapi kwa saa. Baiskeli niliinunua kwa mgeni aliyekuwa akihama Nyali. Fundi wangu wa Majengo aliizunguka mara mbili, akaikagua kama mtu anayekagua mbuzi wa mahari, akauliza, "Sasa mwalimu, mzigo utaubeba wapi?"

Mazoezi yalikwenda vizuri, na hapo ndipo kosa lilipojificha. Nilitoka na baiskeli baada ya swala ya alfajiri, nikavuka daraja la Nyali kabla matatu hazijaamka vizuri, nikapita Mtwapa, Kikambala, mashamba ya mkonge ya Vipingo, na siku za Jumamosi nikafika hadi Kilifi, nikanywa dafu pale darajani na kugeuza. Kufikia saa tatu na nusu nilikuwa nyumbani. Kukimbia nilikimbia baada ya magharibi, pale Mama Ngina, katikati ya moshi wa mihogo. Kuogelea niliogelea Nyali, maji yakiwa yamejaa, ndani ya mwamba. Miezi saba. Daftari lilionyesha maendeleo mazuri, grafu ikipanda kama inavyotakiwa.

Baiskeli ilifika Durban na jeraha. Mahali fulani kati ya ndege na ndege, kile kipande kidogo kinachoshika gia za nyuma kilikuwa kimepinda. Fundi wa huko alikinyoosha akaniambia nisiguse gia mbili nyepesi kabisa, la sivyo cheni itaingia kwenye spoki. Haya, nikasema, nitapanda vilima kwa miguu ya chuma.

Ijumaa nilikwenda kuswali msikiti wa Grey Street, mtaa ambao siku hizi umepewa jina la Dr Yusuf Dadoo. Baada ya swala mzee mmoja alinitazama kanzu na kofia yangu ya kushonwa kwa mkono, akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia, alinishika mkono akakataa kuuachia. Yeye, alisema, ni Mzanzibari.

Nilidhani anatania, kwa sababu lafudhi yake haikuwa na Zanzibar hata chembe. Lakini Durban wana watu wao wanaoitwa Wazanzibari. Asili ya wengi wao ni Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji. Manowari za Waingereza ziliyakamata majahazi ya watumwa katika bahari yetu, na kuanzia mwaka 1873 waliokombolewa walianza kupelekwa Natal, ambako walifungwa kwa mikataba ya kazi, maana wazungu wa huko walikuwa na njaa ya vibarua. Uhuru wa namna hiyo unahitaji makala yake. Waliishi King's Rest, juu ya Bluff, kile kilima kirefu kinachoulinda mlango wa bandari kwa upande wa kusini, na walishika dini na maneno ya kwao mpaka serikali ya ubaguzi ilipowahamisha katika miaka ya 1960, ikawapeleka Chatsworth na kuwaandika kuwa aina ya Waasia. Mzee alinihesabia kwa vidole maneno aliyoyakumbuka kutoka kwa bibi yake. Mawili niliyaelewa.

Nilipomweleza kilichonileta hakushangaa; Durban ni mji wa wakimbiaji. Alitazama juu tu, kule barabarani ambako bendera ya duka ilikuwa haitikisiki, akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba Jumapili upepo utatoka milimani. "Mwanangu, upepo ule haukutoi jasho. Unalinywa." Kisha akaongeza kwamba ukishashiba, mwenzake wa baridi hutoka kusini kuja kuufukuza.

Nilimshukuru, nikamwomba dua, nikaenda zangu. Mtoto wa pwani, nani wa kumfundisha pepo? Kwetu upepo utokao bara ni umande. Ni upepo wa heri, mwembamba, ambao wavuvi huutumia kutoa ngalawa alfajiri. Upepo wa bara unamdhuru nani?

Jumapili niliamka saa tisa za usiku, nikafungua dirisha, na uso wangu ukapokea hewa ya mdomo wa tanuri la mkate. Baadaye nilipiga hesabu yake. Nyuma ya pwani ya Durban nchi hupanda mpaka nyanda zenye urefu wa zaidi ya mita 1,500. Hewa kavu ikiteremka kutoka juu inabanwa na uzito wa hewa iliyo juu yake, na kila mita 100 inazoshuka hupata joto la nyuzi moja hivi. Mita 1,500, nyuzi 15 za bure. Hilo ni swali la kidato cha pili. Ila hakuna aliyeniuliza Ijumaa, na aliyenipa jibu sikumsikiliza.

Bahari ndiyo iliyonipiga kofi la kwanza. Mama yangu aliogopa papa tu, na kwa hilo nilikuwa nimemtuliza: Durban wameweka nyavu za papa tangu mwaka 1952, na kwetu, mama, papa ndiye anayeliwa. (Sikumwambia kwamba nyavu zile si ukuta. Papa anaweza kupita chini au pembeni; kazi yao ni kupunguza idadi.) Mimi nilijiona samaki. Utotoni tuliruka kutoka ngazi za Leven, Mji wa Kale, tukikimbizwa na wenye mashua. Lakini bahari niliyoijua mimi ina mwamba. Wimbi letu huvunjika kule nje, mbali, unaliona mstari mweupe na kusikia ngurumo, na kinachokufikia wewe ni mabaki. Durban hakuna mwamba wa kukuzuilia. Wimbi linakuja zima na linavunjikia kifuani.

La kwanza lilinirudisha mchangani nilikotoka. La pili liliondoka na miwani yangu, nikaipata kwa bahati ikielea karibu na goti la mtu. Vazi la mpira nililoazima lilinikaba koo. Nilikuwa najaribu kuyaruka mawimbi kama tunavyoyaruka watoto, kwa mgongo. Jamaa mrefu kando yangu akapiga kelele, "Usiruke! Zama!" Nikazama. Chini kulikuwa na mchanga mtulivu kabisa. Nikachimba vidole, na wimbi likapita juu yangu kama lori linavyopita juu ya daraja wewe uko chini. Mara tatu hivyo, halafu nikawa ng'ambo ya povu. Bahari ilikuwa laini, jua linachomoza, na upande wa kulia Bluff imelala nyeusi. Nikawafikiria wale waliokiona kilima hicho mara ya kwanza wakiwa kwenye sitaha, wasijue wanashushwa wapi. Wazo hilo lilidumu kwa mapigo kumi ya mkono hivi. Halafu mtu akanipiga teke la sikio.

Nilitoka majini kwa dakika 49. Daftari lilisema 45.

Barabara ya M4 inaelekea kaskazini, inapita Umhlanga, kisha inaingia kwenye mashamba ya miwa, vilima juu vilima chini, bahari upande mmoja. Ni barabara nzuri, imefungwa, haina tuktuk, haina mkokoteni, haina kondakta anayening'inia mlangoni akikuita kwa jina la timu ya mpira iliyo kwenye jezi yako. Nilijihisi mfalme. Sheria inataka umwachie aliye mbele yako mita 12, usijifiche kwenye kivuli cha upepo wake, kwa hiyo kila mtu yuko peke yake na kichwa chake. Kichwa changu kiliniambia jambo moja kwa saa mbili nzima: hutoki jasho.

Na kweli. Mombasa, nikipanda kilima cha Mtwapa, jasho hunitiririka puani, huloweka glavu, hutona kwenye fremu ya baiskeli. Hapa jezi ilikuwa kavu kama imetoka kupigwa pasi. Mikono kavu. Nikaona leo Mungu kaniona. Mpango wangu wa kunywa, ule ulionitaka ninywe robo tatu ya lita kila saa, niliupunguza kwa nusu, maana kunywa bila kutoka jasho ni kutafuta kukojoa tu. Tende zilininata menoni, nikazitema. Sikujiuliza kwa nini kinywa hakina mate ya kuilainisha tende.

Kwenye kilomita ya 70 nilijifuta uso na kiganja kikakwaruza. Mchanga wa ufukweni, nikafikiri, mpaka sasa? Nikaulamba. Ilikuwa chumvi, unga mtupu wa chumvi, kuanzia kwenye nyusi hadi kidevuni, na nilipotazama kaptula nyeusi niliona ramani nyeupe kwenye mapaja yote mawili.

Jasho lilikuwepo tangu mwanzo. Hewa yetu ya Mombasa imejaa unyevu, hivyo jasho halina pa kwenda; linabaki mwilini, linakuudhi, linakudondoka, na kwa kukuudhi linakukumbusha kunywa. Hewa kavu hulichukua palepale linapotokea. Unahisi raha, ngozi inapoa, na wakati huohuo unamwagika kama mtungi wenye ufa. Upepo unalinywa. Mzee alinipa sentensi chache tu, na nilihitaji kilomita 70 kuzielewa.

Nilishuka kwenye baiskeli baada ya saa tatu na dakika 21, ikiwa saa tano na robo hivi za mchana, na kosa la pili nililifanya kwa bidii zaidi kuliko la kwanza. Nikaanza kunywa. Kwenye mbio za Afrika Kusini wanagawa maji kwenye vifuko vidogo vya plastiki ambavyo unang'ata pembe na kufyonza, na kila kituo vijana wanavinyanyua wakipaza sauti, "Amanzi! Amanzi!" Neno hilo lilinipenya kama salamu ya nyumbani. Amanzi, maji; binamu yule yule kavaa nguo nyingine. Nilikunywa viwili kila kituo, vitatu, na dafu moja la pakiti nililokuwa nimelihifadhi kwenye mfuko wangu, nikiamini kwamba dafu ni dawa ya yote.

Kuhusu dafu naomba niwakosee heshima kidogo watu wa nyumbani. Dafu ni tamu, ni baraka, lina potasiamu nyingi. Lakini chumvi inayotoka na jasho kwa wingi ni sodiamu, na sodiamu dafu inayo kidogo tu. Ukipoteza chumvi kwa saa nne kisha ukajaza tumbo maji matupu, unaizimua damu yako kama chai ya hotelini, ile wanayoiongeza maji wateja wakizidi. Ikizidi zaidi, daktari wa hema la huduma alinieleza baadaye, ubongo unaanza kuvimba, na kuna wakimbiaji waliokufa hivyo wakiwa na maji tele tumboni. Mimi nilikomea kwenye misuli. Tumbo likawa linachapa mawimbi, vidole vya mikono vikavimba hadi pete ikanibana, na kwenye kilomita ya 12, mita chache kabla ya kituo, mashavu ya miguu yote miwili yakakaza pamoja. Nikakaa chini. Sikuamua kukaa.

Hapo ndipo msichana alipokuja na maji yake, akaniuliza jambo kwa Kizulu. Nyuma yake akaja mama mmoja wa makamo, kofia ya wahudumu imekaa juu ya kilemba. Aliitazama ile chumvi usoni mwangu, akamsukuma msichana mkono wa maji kando. "Hapana maji tena," akasema kwa Kiingereza. "Baba, kula." Akanipa kiazi kidogo cha kuchemsha, akakichovya kwenye kisahani cha chumvi mbele yangu, kikarudi kimevaa nyeupe. Nikala. Akachovya kingine. Nilikula vinne, nimekaa chini ya mtende kama mtoto anayelishwa baada ya homa, yeye amesimama na kisahani chake hana haraka.

Nikiwa pale kivulini nilitazama saa. Saa sita na dakika 40. Na swali likanijia, la kijinga kwa urahisi wake: mara ya mwisho mimi kukimbia saa sita mchana ilikuwa lini? Nikarudi nyuma, mwaka kwa mwaka. Haikuwahi kutokea. Miaka 41 kwenye mji ambao Machi hewa yake unaweza kuikamua, na sijawahi hata siku moja kukimbia mchana. Nani Mombasa hukimbia mchana? Mji wetu wote umejengwa ili mtu asifanye hivyo. Vichochoro vya Kibokoni ni vyembamba ili ukuta mmoja umtilie mwenzake kivuli. Baraza ziko upande ambao jua limekwisha pita. Maduka hufungwa adhuhuri, hufunguliwa alasiri, na katikati ni mkeka. Bibi yangu alikuwa na jina la kila kivuli nyumbani kwake na saa yake. Joto hatukulizoea, tumelikwepa kwa ustadi mkubwa, kizazi baada ya kizazi, nami nikauchukua ustadi wa kukwepa nikauita uzoefu. Mwenzangu wa Limuru, anayeingia darasani saa saba mchana kwa kitambaa shingoni na kulalamika, pengine amelizoea kuliko mimi.

Mwili, nilisoma baadaye, huchukua siku kumi hadi 14 za kufanya kazi jotoni kabla haujajifunza: damu huongezeka maji, jasho huanza mapema na kupungua chumvi. Hakuna mahali niliposoma kwamba cheti cha kuzaliwa kinasaidia.

Yule mama alinipa viazi viwili vya njiani. Nilitembea dakika mbili, nikakimbia tatu, nikatembea mbili, hesabu ya kwanza ya siku ile iliyokubali. Daftari lilitaka saa mbili na dakika tano kwa mbio hizi. Nilitumia saa mbili na dakika 57.

Kwenye kilomita ya 17 bendera za ufukweni, zilizokuwa zimenyooka kuelekea baharini tangu usiku, zikalegea. Kwa dakika moja hivi hakukuwa na upepo wowote. Halafu mchanga ukaanza kutambaa kutoka upande wa Bluff, miamvuli ya wauza vinywaji ikapinduka, na hewa ikageuka baridi ghafla kiasi kwamba malaika yakanisimama mikononi, mikono ile ile iliyokuwa inaungua robo saa kabla. Mwenzake wa kusini. Nilivuka mstari baada ya saa saba na dakika 20 nikitetemeka, nikavishwa karatasi ya fedha, na simu nilipoifungua nilikuta ujumbe wa mwalimu wa Limuru: "Pole na baridi."

Sikumjibu mpaka Jumatano.

Januari iliyofuata nilianza upya. Saa sita na nusu mchana natoka mlangoni, dakika 20 wiki ya kwanza, kisha 40. Najipima kwenye mizani kabla na baada, bila nguo; saa moja ya mbio hunitoa kilo moja na gramu mia nne, na sasa najua ni nini cha kurudisha na ni kiasi gani cha chumvi kiingie kwenye chupa. Daftari jipya. Siku ya kwanza kabisa nilipokatiza uchochoro wetu nikihema, wazee waliokuwa barazani waliacha bao.

"Mwalimu," mmoja akaita, amenyanyuka nusu. "Kuna msiba?"

"Hakuna, mzee. Nafanya mazoezi."

Wakatazamana. Mama alikuwa amesikia, akatoka ukumbini na sahani ya embe mbichi iliyokatwakatwa, chumvi na pilipili zimerundikwa pembeni, akaiweka barazani bila neno. Wazee wakanisogezea nafasi kivulini. Nikaanza na chumvi.